Agosti ya kushuka: siku kumi kutoka Menengai hadi ziwani

Siku ya kwanza, Jumamosi. Menengai

Tumetoka mjini Nakuru saa kumi na mbili kasorobo, taa za barabarani zikiwa bado zinawaka, tukaanza kupanda kwa mwendo wa pole kuelekea ukingo wa Menengai. Tuko wanne. Mwalimu anafundisha hesabu sekondari, na hakuna mlima ambao tumewahi kumtangulia. Dereva ndiye mwenye Probox tutakayozunguka nayo. Binamu yangu ni muuguzi Kisumu. Amesafiri usiku kucha na basi, akashuka stejini na mkoba mmoja mdogo. Mimi nauza raba za mtumba hapa Nakuru. Hizi siku kumi za likizo ya Agosti tumezipanga tangu Januari.

Niliandike hili mapema, kwa sababu lina uzito katika kila nitakachosimulia. Mwaka jana mwezi wa Aprili nilianguka hapa hapa Menengai. Nilikuwa nashuka mbio, kokoto zikakimbia chini ya mguu, nikatanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, nikakaa na plasta wiki sita. Mfupa umeunga vizuri. Kupanda napanda kama zamani. Lakini nikigeuka tu kushuka, magoti hukaza, pumzi hukatika, na mkono ule hutafuta kitu cha kushika hata mahali pasipo na kitu. Mlima mzima nawaza kushuka kwake. Wenzangu wanajua, na hakuna aliyewahi kunicheka.

Kileleni ni mita 2,278. Jua lilitukuta pale juu, na shimo lote likafunguka mbele yetu: kaldera yenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, chini kabisa vichaka na mawe meusi ya lava, na mvuke ukipanda sehemu sehemu kutoka ardhini na kutoka visima vya nishati ya jotoardhi. Babu zetu wa hapa wanasimulia kwamba katika karne ya 19, Wamaasai wa Ilpurko na wale wa Ilaikipiak walipopigana, walioshindwa walitupwa humu, na mvuke huu ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda juu. Nimeisikia hadithi hiyo tangu niko mdogo na bado nanyamaza nikifika pale.

Wenzangu wakashuka kidogo ndani ya ukingo, wapige picha kwenye mawe. Mimi nilishuka hatua kama ishirini, kwa ubavu, nimeinama, kiganja kikigusa ardhi. Kisha nikakaa. Binamu akarudi akakaa kando yangu, akatoa mandazi kwenye mfuko, tukala bila kuongea.

Siku ya pili, Jumapili. Longonot

Mlima huu ninaupenda, na leo umenifunza.

Kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo wote ni 7.2, halafu unarudi ulikotoka. Mwalimu akapiga hesabu kabla ya kufunga kamba: 13.4. Kilele chenyewe, mita 2,776, kiko juu ya ukingo upande wa pili, ndiyo maana ukifika ukingoni ukadhani umemaliza, unainua macho na kuona kazi bado iko ng'ambo ya shimo. Jina linatokana na Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na ukiuzunguka unaihesabu migongo hiyo kwa mapaja yako. Chini ndani ya kreta kuna msitu mzima, kijani kibichi, umefungiwa na kuta za mawe pande zote kama bustani ya mtu asiyetaka wageni.

Ardhi ya Longonot ni jivu la volkano. Maji ya mvua na viatu vya watu vimeichimba njia hadi ikawa makorongo, mengine yanakufika kifuani. Juu ya jivu gumu kuna vumbi laini kama unga wa muhogo, na hilo vumbi ndilo linaloangusha watu. Hapa niseme kama muuza viatu: wateja huniuliza raba nyepesi, raba ya rangi, raba ya jina. Wachache sana hugeuza kiatu wakaangalia tumboni. Kwa vumbi na tope unataka soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili yaingie na yasijae. Kwa mwamba mkavu unataka meno mafupi yaliyosongamana na mpira laini unaong'ang'ania. Na kwa kushuka, chukua saizi yenye nafasi ya kidole gumba mbele, kisha ufunge kamba hadi tundu la mwisho kabisa, lile ambalo watu huliacha, ili kisigino kisicheze. Mguu ukiteleza mbele ndani ya kiatu, kucha zinakuwa nyeusi kabla hujafika langoni. Viatu vya wote wanne nilivichagua mwenyewe, mmoja mmoja, na hakuna aliyelalamika siku zote kumi.

Tulizunguka mbio pale panapokimbilika, tukatembea panapochongoka. Kileleni upepo ulikuwa mkali, Ziwa Naivasha likimeta upande wa magharibi. Halafu ikaja sehemu niliyokuwa naihofia, ukingo mwembamba unaoshuka kutoka kileleni. Nikakaza. Dereva, aliyekuwa nyuma yangu, hakunisukuma. Akaniuliza tu, "Unajua kwa nini magari hufeli breki kule Mau Summit?"

Nikamwambia sijui.

"Kwa sababu mtu anateremka na gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote. Zinachemka, zinakataa. Anayejua huweka gia ndogo tangu juu, gari linajishika lenyewe. Wewe dadangu unashuka na gia kubwa. Hatua yako ni ndefu, halafu kila hatua unapiga breki na goti."

Nikajaribu. Hatua ndogo, ndogo zaidi ya nilivyodhani inafaa. Kwa dakika kama kumi mlima ulinikubali. Kisha kokoto moja ikalia chini ya kiatu, mkono ukaruka wenyewe, nikarudi kwa ubavu hadi chini. Lakini zile dakika kumi nilizihesabu.

Siku ya tatu, Jumatatu. Njiani

Tumeendesha kutoka Nakuru hadi Iten kupitia Timboroa na Eldoret. Timboroa ni baridi ya kuuma masikio. Tulisimama kununua viazi vya kuchoma na chai kwa vikombe vya bati. Mapaja yanauma wote. Binamu anasema kushuka ndiko kunakoumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, kwa sababu unaikaza huku inavutwa kurefuka, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu yenyewe huja siku ya pili au ya tatu. Alisema vilevile kwamba misuli hiyo ikishapona huwa imejifunza, na safari inayofuata haiumii hivyo.

Siku ya nne, Jumanne. Iten hadi Tambach

Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mji mdogo kwenye ukingo wa bonde, na unapoingia unapita chini ya lango linalokutangazia kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabara ya udongo mwekundu, na tulikutana nao: makundi ya wanariadha ishirini, thelathini, wamevaa jaketi, hawasemi, unasikia nyayo tu. Kitu kilichonigusa ni jinsi wanavyoanza pole. Watu wanaokimbia maratoni kwa saa mbili na dakika chache walikuwa wanakwenda mwendo ambao hata mimi ningeweza kuongea nao. Dakika ishirini baadaye walikuwa wametupotea kwenye kona.

Mwalimu alitaka lazima tupite mbele ya St. Patrick's. Ni pale ambapo Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kufundisha mbio. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012, ni mwanafunzi wake wa riadha. "Mwalimu wa jiografia," Mwalimu akarudia, amesimama mbele ya lango la shule na jasho likimtiririka, na nikaona macho yake yamelowa. Ana miaka kumi na minne darasani. Kuna vijana wake anaowakimbiza kila jioni kwenye uwanja wa nyasi, kwa pesa yake mwenyewe.

Jambo ambalo watu wengi kwetu hawalifahamu ni kwamba Kenya ina mabingwa wa milima pia, si wa lami na uwanja pekee. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena 2018. Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mwaka 2022 na 2023. Wangepita mtaani kwetu wangapi wangewatambua? Hilo linaniuma kwa kweli. Watoto wetu wanapanda vilima kila siku kwenda shule na hawajui kwamba huo nao ni mchezo wenye medali.

Baada ya chai na mkate tukaenda ukingoni. Bonde la Kerio ukiliona mara ya kwanza unashika kitu. Ardhi inakatika tu, na chini huko, zaidi ya mita elfu moja, kuna joto, miti ya miiba na mto. Tulichukua njia ya miguu ya kushukia Tambach, njia ambayo wenyeji wameitumia tangu kabla ya lami: mawe, mizizi, udongo uliolowa na mvua ya usiku.

Nilikuwa wa mwisho. Nilisikia nyayo nyuma yangu, nikajibanza kando. Alikuwa mama wa makamo, gunia la viazi mgongoni, miguuni viatu vya plastiki vya wazi ambavyo mimi nisingemuuzia mtu aende navyo hata sokoni.

"Chamgei, mama," nikamwamkia.

"Chamgei mising." Akaniangalia nilivyoshikilia shina la mti. "Unaumwa mguu?"

"Hapana, mama. Naogopa kuanguka. Nilivunjika mkono."

Hakusema pole ya haraka. Alitua gunia juu ya jiwe, akanionyesha. "Wewe unaegemea nyuma. Ukiegemea nyuma unakanyaga na kisigino, na kisigino ndicho kinateleza. Njoo mbele kidogo. Miguu iwe chini yako, si mbele yako. Halafu usikae juu ya jiwe, gusa upite. Kama mtu anayetembea juu ya jivu la moto." Akapiga hatua nne tano, tik tik tik, viatu vya plastiki vikigusa na kuachia. "Na usiangalie mguu. Mguu unajua kwake. Angalia pale utakapofika."

Nikamwomba nimbebee viazi, akakataa, akasema gunia ndilo linalomshikilia. Akatangulia. Nikamfuata nyuma yake, nikikanyaga alipokanyaga, hatua fupi kwa fupi, macho kwenye mgongo wa lile gunia na kidogo mbele yake. Kwa muda gani sijui. Aliposimama kuingia kwenye boma lake, wenzangu walikuwa wamekaa chini ya mti mita hamsini mbele, na wote watatu wakasimama kunitazama.

Nilimshukuru mama yule kwa mikono miwili. Alinipa viazi vitatu vya kubeba, navyo nikavibeba. Kurudi juu tulipanda kwa miguu, jua likiwa kali, na jioni tukapewa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kwenye kibuyu nyumbani tulikofikia. Yalikuwa na ladha ya moshi na ukali wa kupendeza. Nililala saa mbili.

Siku ya tano, Jumatano. Kitale

Mvua. Tumeshinda barabarani na sokoni Kitale, tukinunua unga, omena, vitunguu, plastiki ya kufunikia mizigo. Mahindi kote, mashamba hadi macho yanachoka. Agosti ukanda huu ni mwezi wa mvua, na kila mtu tuliyemwambia tunakwenda Elgon alitutazama viatu kwanza. Probox tumeiacha kwa rafiki wa Dereva, tumekodi Land Cruiser na dereva wake mwenyeji.

Siku ya sita, Alhamisi. Elgon, pangoni

Tuliingia kwa lango la Chorlim, upande wa Endebess. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968. Humu huruhusiwi kukimbia ovyo, kwa sababu ya nyati na tembo. Unatembea na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Tulipewa wawili, nao tukawaita Afande kama ilivyo desturi.

Pango la Kitum limeingia mlimani mita 200 hivi. Mlango wake ni mpana, maji yanadondoka kama pazia, na ndani kuta zote zina michubuko. Ni meno ya tembo. Kwa vizazi na vizazi wamekuwa wakiingia humu usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wanavunja mwamba kwa pembe na kusaga vipande wapate chumvi. Ndama hufuata mama zao na kujifunza njia. Niliweka kiganja changu cha kushoto kwenye mchubuko mmoja uliokuwa juu ya kichwa changu, na nikawaza mnyama wa tani kadhaa akishuka kwenye mawe yale yaliyolowa bila mwanga wowote, akijaribu mguu mmoja kabla ya kuuamini.

Binamu hakutuacha tukae. Virusi vya Marburg vilihusishwa na pango hili mara mbili, mwaka 1980 na 1987, kwa wagonjwa waliokuwa wametembelea humu kabla ya kuugua, na wanaobeba virusi hivyo ni popo wa matunda wanaoishi mapangoni. "Msiguse kinyesi, msikae chini, msishike uso," akasema kwa sauti ya wodini, kisha akatupaka dawa ya mikono sote wanne na Afande wote wawili.

Gari lilipanda kupitia msitu wa podo, mianzi, halafu vichaka vya baridi vyenye ndevu nyeupe za kuvu, hadi tope likalishinda. Tukabeba mizigo mabegani kilomita zilizobaki mpaka mwisho wa barabara, karibu mita 3,500. Tulifika jioni, tumelowa. Ugali wa omena chini ya plastiki, moshi machoni. Mwalimu alikula nusu. Nilidhani ni uchovu.

Siku ya saba, Ijumaa. Koitobos

Tuliamka saa kumi na nusu. Maji kwenye sufuria yalikuwa na utando wa barafu, na nyasi zilivunjika chini ya viatu kwa jalidi. Tochi za kichwani, chai, tukaondoka. Koitobos ni mita 4,222, kilele cha upande wa Kenya, umbo lake kama meza. Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda, ng'ambo ya kaldera. Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya lobelia na senesio kubwa, mimea inayosimama kama watu waliovaa makoti, na ukungu ukipita kati yao. Sijaona pazuri zaidi katika nchi yetu.

Mwalimu alikuwa nyuma. Mwalimu hawi nyuma.

Mwanzo alisema kichwa kinamgonga kidogo. Kisha akasimama akatapika kando ya njia, akafuta mdomo, akasema twende. Kilele kilikuwa kinaonekana sasa, nguzo zake za mawe wazi kabisa, labda saa moja na nusu mbele. Hewa ilikuwa tulivu. Dereva alikuwa ameshatoa bendera ndogo aliyokuja nayo.

Binamu alimwendea Mwalimu, akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akapiga hatua tatu, ya nne ikayumba. Akarudia, ikayumba tena.

"Tunashuka," binamu akasema.

"Nipumzike dakika kumi tu," Mwalimu akasema. "Tumekuja mbali."

"Mwalimu, umeshikwa na ugonjwa wa mwinuko. Dawa ya hiki kitu ni moja, na iko chini. Sasa hivi. Sote."

Hakuna aliyebishana tena. Dereva alirudisha bendera mfukoni. Wakati huo huo ukungu ulifunga na mvua nyembamba ikaanza, na njia tuliyopanda kwa jalidi ngumu ikawa tope juu ya mawe. Afande mmoja akatangulia. Njia ilikuwa nyembamba, watu wawili hawapiti sambamba, na Mwalimu hakuweza kushuka peke yake. Alihitaji mtu mbele wa kumshika bega, na mtu huyo asiyumbe. Dereva ni mrefu mno, mkono wa Mwalimu ungekuwa juu. Binamu alitaka kuwa nyuma amwone anavyotembea. Nikabaki mimi.

Mkono wake ukaja begani kwangu, bega la kushoto. Ulikuwa mzito. Nilisubiri magoti yakaze, na yalianza kukaza, lakini nyuma yangu kulikuwa na mtu anayenitegemea, na sikuwa na nafasi ya kulisikiliza goti. Nikaja mbele kidogo. Miguu chini yangu. Hatua fupi. Gusa, pita. Gia ndogo tangu juu. Nikawa namhesabia kwa sauti: jiwe, tope, jiwe, kushoto, shimo. Mara mbili aliteleza na uzito wake wote ukaniangukia, na mara zote mbili nilisimama. Sikumbuki kuangalia mguu wangu hata mara moja. Niliangalia mgongo wa Afande na pale tutakapofika.

Tulichukua saa mbili na zaidi hadi kambini. Hatukukaa, tulikunja kila kitu tukaendelea hadi gari, na gari likatushusha. Kwenye msitu wa podo Mwalimu aliomba maji. Karibu na lango aliomba chapati. Binamu aligeuza uso dirishani, akalia kidogo, akanyamaza.

Koitobos sikuifika. Hakuna aliyeifika. Nimeiandika hapa kama ilivyokuwa.

Siku ya nane, Jumamosi

Kitale hadi Kakamega. Mwalimu amelala njia nzima kwenye kiti cha nyuma, ameamka Webuye akauliza hesabu za mafuta. Amepona.

Siku ya tisa, Jumapili. Msitu wa Kakamega

Salamu zimebadilika, sasa ni mulembe. Tuliingia msituni kukiwa giza ili jua litukute juu ya kilima cha Lirhanda. Msitu huu ni masalio ya ule wa Kongo uliowahi kuenea hadi huku, na unausikia kabla ya kuuona: mbega wakikoroma juu, ndege wengi, matone yanayodondoka hata kama mvua imekatika. Ubavuni mwa kilima kuna shimo la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, wakati Kakamega ilipovamiwa na watafuta utajiri. Siku hizi ni popo tu. Binamu alitupitisha mbali.

Juu, ukungu ulikuwa umelala kwenye vilele vya miti kama maziwa yaliyomwagika, na jua lilipotoka ulianza kujivuta polepole. Tulikaa nusu saa. Dereva akatoa ile bendera, akaichomeka kwenye jiwe la Lirhanda, tukapiga picha nayo. Kilima ni kifupi, ndiyo, lakini tulikuwa wanne na wote tulikuwa wazima.

Kushuka, njia ilikuwa majani yaliyolowa juu ya udongo wa utelezi. Mwalimu akaniambia nitangulie. Nikatangulia, kwa mwendo wa kukimbia kidogo, nikasimama mara moja tu pale mzizi uliponishtua. Mchana tulipita Ilesi kuliona jiwe linalolia, mwamba mrefu uliobeba mwamba mwingine kichwani, na michirizi ya maji mashavuni. Leo lilikuwa linalia kweli, baada ya mvua.

Siku ya kumi, Jumatatu. Hadi ziwani

Zamu ya binamu inaanza kesho asubuhi, na mama yake ametuambia samaki wako tayari tangu saa kumi. Dereva alitushusha Kiboswa, akaenda na mizigo hadi chini, akaliacha gari, akapanda boda boda kurudi ili amalize nasi.

Kutoka Kiboswa ardhi inashuka kwa muda mrefu, kupitia njia za vijijini za Riat, katikati ya mawe makubwa, mihogo na kuku, hadi uwanda wa Kisumu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kila pembe unayokata unaliona limepanuka zaidi, Nam Lolwe kama Wajaluo wanavyoliita, limejaa mwanga wa jioni. Watoto walitupigia kelele za misawa, salamu ya Kijaluo, wengine wakatufuata mbio bila viatu, wakashuka mawe yale kwa namna ya mama wa Tambach: tik tik tik.

Nikawafuata watoto. Mteremko ulipokuwa mkali nikaacha mikono ifunguke kama mbawa, hatua zikawa nyingi, upepo wa ziwa ukaingia kifuani. Niliwasikia wenzangu nyuma, halafu sikuwasikia. Watoto wakaishia kwenye mji wao, wakanipungia. Nikaendelea.

Nilifika barabara ya Mamboleo peke yangu. Kulikuwa na kijana anauza miwa kwenye mkokoteni, nikanunua minne, akaimenya na kuikata, nikaishika mkononi nikasimama kuwasubiri. Mwalimu alitokea wa kwanza, amelowa jasho, uso umejaa kicheko ambacho sijakiona tangu Iten. Aliinama akashika magoti, akavuta pumzi, akaniangalia.

"Na mkono je?"

Nikautazama. Ndio uliokuwa umeshika miwa. Nikampa wake.